Wameniahidi jeli ya seli shina itakayolegeza vidole vyangu. Niende?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni fundi wa kushona nguo, nina miaka 38, nimeolewa na nina binti mmoja. Miaka saba iliyopita vidole vyangu vilianza kubadilika rangi kila nilipogusa maji baridi. Vinakuwa vyeupe kama karatasi, kisha bluu, kisha vinarudi vyekundu vikiwaka moto. Baadaye vikavimba, ngozi ikakaza na kung'aa. Hospitali wakaniambia ni skleroderma, yaani kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe na ngozi inakakamaa. Leo siwezi kukunja ngumi. Mkasi naushika kwa mikono miwili, na kupitisha uzi kwenye tundu la sindano nimemwachia mwanafunzi wangu.

Ninatumia maikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga, tangu picha ya kifua ilipoonyesha mapafu yameanza kupata makovu, pamoja na nifedipini ya kusaidia damu kufika vidoleni.

Miezi miwili iliyopita mteja wangu mmoja, ambaye mdogo wake anaumwa kama mimi, alinipa namba ya kliniki ya binafsi iliyo nje ya nchi. Nikawaandikia. Wakanijibu kwamba wana jeli inayochanganywa na seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) kutoka kwenye kiungamwana, ule utepe unaomuunganisha mtoto na mama tumboni, inadungwa mara moja tu chini ya ngozi ya kila kidole. Jeli inazitunza seli zisife, seli zinalainisha ngozi na "kuiweka upya kinga ya mwili mzima", hivyo dawa nitaziacha kabisa. Walinitumia picha za panya kabla na baada ya tiba, na karatasi inayosema utafiti mkubwa wa Ulaya umethibitisha kwamba seli shina zinarefusha maisha ya wenye skleroderma. Huyo mdogo wa mteja wangu alidungwa, na baada ya miezi mitatu anasema vidole vimelegea. Wanataka nilipe nusu mapema, na niache maikofenoleti wiki mbili kabla ya safari "ili isiue seli".

Nikitoa akiba yetu yote na kuuza cherehani mbili kati ya tatu nilizo nazo, pesa inatosha. Mume wangu hataki kusikia. Anasema ni matapeli, basi. Siku hiyo nilimjibu vibaya, nikamwambia vidole si vyake. Tangu hapo hatujalizungumza tena, ingawa kila asubuhi bado ananifunga vifungo vya blauzi kabla hajatoka.

Kidole changu cha kati cha mkono wa kulia kina kidonda kwenye ncha. Wiki hii kimekuwa cheusi pembeni na kinaniuma sana usiku, lakini nadhani ndiyo hali ya ugonjwa wenyewe.

Daktari, hii jeli ni kitu cha kweli au si kweli? Niende?

Fundi mwenye vidole vigumu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hicho ulichokitaja mwishoni kama jambo dogo. Ncha ya kidole inayogeuka nyeusi na kuuma usiku, kwa mtu mwenye skleroderma, maana yake damu haifiki pale, na huenda kidonda kimeshaingiliwa na bakteria. Nenda hospitali leo. Usingoje tarehe yako ya kliniki. Waambie neno skleroderma mlangoni, usiwaache wadhani ni jeraha la sindano ya kushonea. Kuna dawa iitwayo iloprosti inayoingizwa kwa dripu kufungua mishipa midogo, kuna antibiotiki, kuna dawa za maumivu za kutosha kukupa usingizi. Kidole kikiwahiwa mara nyingi huokolewa, kikichelewa huenda kikakatwa. Ukitoka huko ndipo urudi kwenye barua hii.

Sasa jeli. Umeniuliza kama ni ya kweli, na sitaki kukujibu kwa neno moja kama alivyofanya mumeo, kwa sababu wazo lenyewe ni la kweli kabisa na mimi ni mmoja wa wanaolifuatilia kwa matumaini.

Jeli ya namna hiyo huitwa haidrojeli, nayo ni wavu wa nyuzi nyembamba mno ulioshika maji. Mara nyingi zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji tu, na bado inasimama haimwagiki. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Prague, waliandika kwamba vitu vya aina hii vinaweza kukaa ndani ya mwili wa binadamu bila kuukera, na kutokana na kazi yao tukapata lenzi laini za machoni. Siku hizi nyuzi za wavu huo hutengenezwa kwa jelatini, kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), aljineti itokayo kwenye mwani, au asidi ya hailuroniki ambayo ngozi yako inayo tayari. Zile za kudungwa hupita kwenye sindano zikiwa laini, kisha zikifika chini ya ngozi hushikana.

Kwa nini seli zihitaji wavu? Kwa sababu seli shina za mesenkaima, ambazo hupatikana kwenye uboho, kwenye mafuta ya mwili na kwenye kiungamwana, hazina maisha marefu zikidungwa peke yake. Ukiziingiza kwenye mshipa, nyingi hunaswa kwenye mapafu na kutoweka ndani ya siku chache. Hata kupita kwenye sindano kunaziumiza, kwa vile zinavutwa na kuminywa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima jambo hilo: seli zilizopitishwa kwenye sindano ndani ya maji ya chumvi zilibaki hai takribani asilimia 59, na zilizobebwa ndani ya jeli dhaifu ya aljineti zilibaki hai karibu asilimia 89. Kwa hiyo kliniki ilipokuambia jeli inazitunza seli haikukudanganya.

Na kazi ya seli hizo ni nini? Wengi hudhani zinageuka kuwa ngozi mpya. Si hivyo. Arnold Caplan, aliyezipa jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, mwaka 2017 aliandika kuomba jina hilo libadilishwe, kwa hoja kwamba mwilini hazifanyi kazi ya shina. Kazi yao ni kutoa ujumbe wa kemikali unaotuliza seli za kinga na kuziamsha seli za jirani zijitibu. Wewe ni fundi, utanielewa. Katika ugonjwa wako, seli za ngozi ziitwazo faibroblasti ni kama mafundi waliopewa oda isiyo na mwisho. Wanashona kolajeni juu ya kolajeni mpaka nguo inakuwa gamba. Oda inatoka kwenye kinga ya mwili iliyochanganyikiwa. Tumaini la watafiti ni kuweka karibu na mafundi hao seli zitakazokaa wiki kadhaa zikiwaambia wapumzike, na jeli ndiyo chumba cha kuzikalisha.

Lakini hapo hapo ahadi uliyopewa inajipinga yenyewe. Sifa yote ya jeli ni kuzizuia seli zisiondoke mahali zilipowekwa. Inakuwaje tena jeli iliyo kwenye ncha ya kidole iiweke upya kinga ya mwili mzima, itulize na mapafu? Kwa mtu mwenye baka moja gumu la ngozi na viungo vya ndani vizima, tiba ya kukaa mahali pamoja ina mantiki. Ugonjwa wako wewe uko kifuani pia.

Nimewaza sana kuhusu hiyo karatasi ya utafiti wa Ulaya. Kwa jinsi ulivyoieleza, naamini wanauzungumzia utafiti uitwao ASTIS, uliochapishwa mwaka 2014. Ni utafiti mzuri sana, ila si wa jeli wala si wa seli hizi. Wagonjwa 156 wenye skleroderma kali waligawanywa. Kundi moja walivunwa seli zinazozaa damu, wakapewa dawa kali za kufuta kinga yao ya zamani, kisha wakarudishiwa seli zao kinga ianze upya. Miaka ilivyopita waliobaki hai wakiwa na hali nzuri walikuwa wengi zaidi kwenye kundi hilo. Lakini kati ya wagonjwa 79 wa kundi hilo, 8 walikufa kutokana na tiba yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Hiyo ndiyo tiba inayoweka upya kinga, hufanyika kwenye hospitali kubwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, na ina bei yake ya damu. Kuchukua matokeo yake na kuyabandika kwenye sindano ya jeli ni jambo linaloniumiza, kwa sababu anayelisoma ni mtu kama wewe, aliyekesha na maumivu akitafuta mlango.

Picha za panya nazo zisikudanganye, ingawa huenda ni za kweli. Panya hana skleroderma. Hudungwa kemikali iitwayo bleomisini kwa wiki chache hadi ngozi yake inakuwa ngumu, kisha hutibiwa akiwa kijana na ugonjwa ukiwa mbichi. Kemikali ikisimama, kinachoendeleza ugonjwa nacho kimesimama. Wewe una makovu ya miaka saba, mishipa iliyobana, na kinga ambayo bado inatoa oda.

Kilicho karibu zaidi na swali lako kilishajaribiwa, tena kwenye vidole hasa. Madaktari wa Marseille, Ufaransa, waliwachukua wanawake 12 wenye mikono kama yako, wakawavuta mafuta kidogo mwilini, wakatenga seli zilizomo, wakawadunga vidoleni siku hiyo hiyo. Hakukuwa na jeli wala seli za mtu mwingine. Maumivu yalipungua, mikono ikafanya kazi vizuri zaidi, na wote tuliosoma taarifa hiyo tulifurahi. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wakafanya utafiti wa pili kwa wagonjwa 40, safari hii wengine wakipewa sindano isiyo na seli bila mgonjwa wala mpimaji kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliodungwa seli hawakuwazidi wenzao. Marekani nako walijaribu kwa wagonjwa 88, na lengo kuu la utafiti halikufikiwa.

Nakuomba ukae kidogo na jambo hilo, kwa sababu linamhusu mdogo wa mteja wako. Simwiti mwongo. Watu waliodungwa sindano isiyo na seli nao walilegea vidole, nao walisema kweli. Mtu akitunzwa, akitarajia, akianza tena kuutumia mkono aliokuwa ameuacha, mkono hufunguka. Na skleroderma ina tabia nyingine ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi: ngozi huwa ngumu zaidi miaka ya mwanzo, kisha kwa watu wengi hulegea kiasi yenyewe. Miezi mitatu ya mtu mmoja haiwezi kututenganishia haya yote.

Je, kuna seli za aina hii zilizoidhinishwa popote? Zipo. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli za mesenkaima. Ni ya watoto waliopandikizwa uboho, kisha seli walizopandikizwa zikaushambulia mwili wao na steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe, zikashindwa kuzuia. Hupewa kwa dripu mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Kwa hiyo mtu akikuambia seli hizi zimeidhinishwa, muulize kwa ugonjwa gani.

Hofu yangu kubwa iko ndani ya chupa. Seli hai haziwezi kuchemshwa ili kuua vijidudu, kwa hiyo usafi wote hutegemea maabara. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 walipata maambukizi mabaya ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kiungamwana, na chupa ambazo hazijafunguliwa zilipopimwa zilikutwa na bakteria ndani. Mwaka 2017 madaktari waliripoti wanawake watatu waliodungwa machoni seli kutoka kwenye mafuta yao wenyewe kwenye kliniki moja ya Florida. Walikuwa wamelipia tiba hiyo wenyewe. Uwezo wao wa kuona uliharibika vibaya. Kwako kuna hatari ya ziada. Ngozi ya vidole vyako haina nafasi, na mishipa yake imeshabana. Ujazo wowote ukisukumwa pale unaweza kuiminya zaidi, na jeli ikiingia ndani ya mshipa wenyewe huuziba. Tunalijua hilo kutokana na jeli za asidi ya hailuroniki za kujazia mikunjo ya uso, ambazo kwa nadra zimeua kipande cha ngozi au kupofusha jicho. Na kama wanachanganya steroidi ili ujisikie vizuri haraka, ujue kwamba dozi kubwa ya steroidi kwa mwenye skleroderma huongeza uwezekano wa figo kushindwa ghafla.

Halafu hili la kuacha maikofenoleti. Dawa hiyo hukupewa kwa ajili ya vidole peke yake, inayalinda mapafu yako. Kovu likishaingia kwenye pafu halitoki. Usiiache hata siku moja kwa amri ya mtu ambaye hajawahi kukusikiliza kifua. Kungekuwa na sababu halali ya kuisimamisha, daktari wa upande ule angemwandikia daktari wako, na wangekubaliana wao kwa wao nani atakuangalia wakati huo.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usiende, na cherehani zako usiziuze. Ila sikufungii mlango wa utafiti. Majaribio ya kweli yapo na yataendelea kuwepo, na wagonjwa kama wewe ndio wanaoyawezesha. Utayatambua kwa namna yanavyokujibu. Waandikie kliniki hiyo uwaulize namba ya usajili wa jaribio lao, kamati gani ya maadili imelipitisha, seli zimetoka kwa nani na zilipimwa nini, jeli imetengenezwa kwa kitu gani na itachukua muda gani kuyeyuka, na ukipata madhara ukiwa umesharudi nyumbani nani atalipia matibabu. Omba fomu ya ridhaa uisome na daktari wako kabla hujatoa chochote. Namba ya usajili isikutulize peke yake, kwa sababu kujisajili si kuidhinishwa, na wapo waliojisajili kisha wakawatoza wagonjwa. Anayekulipisha ili akufanyie majaribio amekugeuza mteja. Utafiti wa kawaida haumuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa, na mara nyingi hata nauli humrudishia.

Mikono yako isikae ikingoja. Muulize daktari wako kuhusu sildenafili inayofungua mishipa ya damu, na kuhusu bosentani ambayo hupunguza kuota kwa vidonda vipya vya vidole. Omba upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya mikono, akufundishe kunyoosha kila kiungo taratibu kila siku. Kidonda kikishapona kabisa, kuchovya mikono kwenye nta ya uvuguvugu kabla ya mazoezi huwasaidia wengi. Si kwenye kidonda kibichi, tafadhali. Mikono iwe na joto, na kiwiliwili pia, maana mwili ukipoa mishipa ya vidole hujibana hata kama umevaa glavu. Pima presha mara kwa mara, na ikipanda ghafla nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vifaa vya kazi navyo hubadilishwa: mkasi wenye springi unaojifungua wenyewe, mpini ulionenepeshwa kwa sponji, sindano za tundu lililo wazi juu zisizohitaji kupitishiwa uzi. Kumwachia mwanafunzi wako uzi hakukupunguzii ufundi. Anayejua nguo itakaaje mwilini bado ni wewe.

Kuhusu mume wako. Aliposema matapeli, alikuwa karibu na ukweli kuhusu kliniki, lakini alikuacha peke yako na hamu ya kupona, na hiyo hamu haikustahili kutupwa pamoja na karatasi zao. Ulipomwambia vidole si vyake, nadhani ulikuwa unamwambia hajui inavyouma. Huenda hajui. Lakini mtu anayeshika vifungo vyako kila asubuhi anaviona vidole hivyo kwa karibu kuliko daktari yeyote. Mpe barua hii aisome, kisha mwombe akupeleke hospitali leo na aingie nawe ndani, aone kidole kikifunguliwa bandeji, amsikie daktari akieleza kuhusu mapafu. Na wewe muulize mbele ya daktari lile ambalo hamjawahi kuulizana, yeye anaogopa nini.

Ukishapata majibu ya kliniki, kama watakujibu, niandikie. Nitayasoma pamoja nawe, mstari kwa mstari.